Somo wa Mtoto wa Kambi ya Tano

Sogeeni karibu, na anayependa kubishana akae mbele, maana leo nataka mnisaidie. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe walikuwako watu watatu. Singano alikuwa mchomeleaji; alichokiunganisha yeye hakikuachana tena. Mbelwa alikuwa fundi umeme wa pikipiki, mtu wa kunong'onezana na nyaya mpaka taa iwake. Chambuso aliuza mitumba kwa miguu, na katika kambi zote saba hakuna nyumba ambayo hakuwahi kuivisha.

Basi zahanati ikapata mkunga mgeni, Nesi Paskalina kutoka Sumbawanga, akapewa na pikipiki. Lakini mkonge ni mkonge: mstari huu pacha wa ule, njia hii dada wa ile. Wiki ya kwanza alipotea mara nne. Mara ya nne alikuta mtoto ameshazaliwa na bibi yake anakoroga uji. Alirudi akilia. Alipoletewa kifaa cha GPS, kile kinachoonyesha ramani, akawaita wale watatu.

Singano alichomelea kishikio kwenye usukani, akakilaza juu ya vipande vya tairi kuukuu ili mtikisiko usiue kifaa. "Dada, hata ukiruka shimo, hiki hakibanduki," alisema.

Mbelwa alipitisha nyaya chini ya tangi, akaziachia urefu kidogo pale shingoni ili usukani ukikata kona zisikatike. Akaweka fyuzi, akaunga kwenye swichi ili pikipiki ikizimwa kifaa kisinyonye betri. Kila kiungo alikiziba kisipitishe maji. "Mvua inyeshe itakavyo," alisema.

Chambuso alipakiwa nyuma ya nesi siku tatu nzima, akitia alama kwenye ramani ya kifaa kila walipofika mlangoni. Tatizo, hakuandika majina ya watu. Aliandika alichowauzia! Nesi kufungua orodha, akakuta Koti la Kahawia, Gauni la Maua, Suruali Kiuno Arobaini.

"Majina ya watu nasahau, dada," Chambuso alijitetea. "Nguo sisahau."

Nesi alicheka mpaka akashika mbavu, akaiacha orodha hivyo hivyo.

Ijumaa moja mchana, mvua ikimwagika, simu ikaita. Alikuwa Mhina wa Kambi ya Tano. "Nesi, mke wangu Hidaya yuko kwenye uchungu, na mtoto katanguliza miguu!"

"Chambuso aliwauzia nini?"

"Ati?"

"Nguo, kaka! Nguo gani?"

"Sha... shati! La kijani, la mistari!"

Nesi akabonyeza Shati la Kijani, huyo! Akaruka shimo la kwanza na la pili, kishikio kikatulia. Akavuka kijito, maji yakamrukia hadi usoni, kifaa kikaendelea kuwaka. Akafika penye njia tano zinazofanana, alama ikamwonyesha ya katikati. Alikuta mwili wa mtoto uko nje na kichwa kimekwama. Akakikwamua taratibu kwa mikono yake, na muda si muda kambi nzima ikasikia mtoto wa kiume akilia, na vigelegele vikaishinda mvua.

"Angekosekana mmoja wa wale watatu," nesi aliwaambia wazazi, "nisingefika."

Sasa, desturi ya pale ni hii: siku ya saba mtoto hutolewa nje, akapakatwa na somo wake, yaani yule ambaye mtoto amepewa jina lake. Kwa kuwa mtoto ni wa kiume na hawezi kuitwa Paskalina, Hidaya akasema mwanawe ataitwa jina la yule aliyemfikisha nesi. Wale watatu wakaja wamenyoa, wamevaa kanzu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa somo wa mtoto, na kila mmoja alitamani kwa moyo wake wote.

Singano akasema, "Kifaa kingedondokea shimoni, ramani ingemfaa nani?"

Mbelwa akasema, "Kifaa kisicho na moto ni plastiki tu, bwana."

Chambuso akasema, "Na kikiwaka bila kujua kwa Mhina ni wapi, si taa tu hiyo?"

Mhina akataka mtoto apewe majina yote matatu. Bibi akang'aka, "Mjukuu wangu si fulana ya timu! Jina moja, na ampakate mtu mmoja."

Basi bibi amesimama mlangoni na kichanga, kinapiga miayo. Mkekani pana nafasi ya mtu mmoja, na mikono iliyonyooshwa ni ya watatu. Amenigeukia mimi nimwambie, nami nimeona haya, nimewageukia ninyi. Haya, semeni wenzangu: mtoto huyu aitwe nani?