Kiboko Alivyowazidi Wote kwa Adabu

Jamani, nimebeba hadithi!
— Itue!
Ni nzito!
— Tutagawana!

"Hivi, kumzidi mwenzako kunashibisha?" Bi Kuchakulo aliwauliza wanyama wote. Kobe alitazama kucha zake. Nungunungu alijikoholesha.

Walikuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, na mwenye shamba ndiye anayepika. Tatizo lilikuwa Kiboko. Kobe akipiga chafya moja, Kiboko alipiga tatu: chya! chya! chya! "Nimekuzidi!" Nungunungu akipiga mwayo, Kiboko alipiga mwayo mpaka ndege wakahama: aaaah! "Nimekuzidi!" Wenzake wakimega tonge, yeye alimeza chungu kizima: gubu! "Nimewazidi!" Siku mbili wanawe Kuchakulo walilamba mwiko wakalala.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Kuchakulo. Alipika kunde za nazi, chungu cha mwisho mpaka mavuno. Kiboko huyo, anakuja: du! du! du!

"Karibuni," akasema Kuchakulo. "Ila leo tuone nani anawazidi wenzake kwa adabu. Mgeni mwenye adabu hakubali akikaribishwa mara moja. Kobe, karibu!"

"Nimeshiba, ahsante."

"Karibu, bwana!"

"Nimeshiba kabisa, dada."

"Adabu mara mbili! Haya, kaa ule."

Nungunungu alikataa mara tatu, akakaa. Kiboko akaangua kicheko. "Tatu tu? Mimi nakataa mara mia!"

"Mia? Hutaweza, mjomba."

"Nani hawezi? Nikaribishe!"

"Karibu!"

"Nimeshiba!"

Watoto tonge: nyam!

"Karibu!"

"Nimeshiba!"

Kobe tonge: nyam!

Walipofika tisini, mwiko ulikuwa unakwangua chini: kwaru, kwaru. Tumbo la Kiboko likanguruma: ngrrrr!

"Mmesikia?" akasema Kiboko. "Hata kwa kunguruma nimewazidi!"

"Karibu, mjomba, hii ndiyo ya mia!"

"Nimeshiba! Nimewazidi!" Akatumbukiza kichwa chunguni. Mlikuwa na harufu tu.

"Umetuzidi kweli," Kuchakulo akasema, akifuta midomo ya wanawe. "Adabu kama hiyo sijapata kuiona."

Kiboko akaenda zake kifua mbele, akitafuna majani njiani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aende nayo, aliyesinzia shauri yake. Funzo ni hili, na asinibishie mtu: mwenye adabu kuliko wote ndiye anayekula kuliko wote.

Nawe, ukiniona napita mlangoni mnakula, nakuomba unikaribishe mara moja tu. Nitaingia.