Upepo Uliokuwa Ukimfuata Dakta

Nyie mnaosoma mistari miwili halafu mnarusha dole gumba, leo someni mpaka chini. Mimi shule niliipa mgongo kidato cha pili na hadithi hii nimeielewa yote, kwa hiyo msiniletee visingizio.

Katika mji mmoja wenye jua kali palikuwa na chuo kikuu, na katika chuo hicho alikuwepo mhadhiri wa usanifu majengo aliyeitwa Dakta Rweyongeza. Si dakta wa sindano. Huyu alikuwa dakta wa kusoma mpaka vitabu vyenyewe vinaomba mapumziko.

Alikuwa na jambo moja tu: hakai. Anafundisha akizunguka darasa. Anachora amesimama. Wali anakula amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayesikia basi lake linapiga honi. Wanafunzi walimwita Dakta Hakai, na hata alipowasikia hakupata nafasi ya kukasirika, maana alishafika mlango wa pili.

Basi, manispaa ikataka kuwaondoa akina mama wanaouza mboga pembeni mwa barabara, iwapeleke nje ya mji, kule dampo. Dakta akakimbia mpaka ofisini kwa mkurugenzi. Namaanisha alikimbia kweli, tai begani.

"Nipeni kile kiwanja kilicho kando ya barabara," akasema. "Nitawajengea banda la mfano. Utafiti wangu wote ni wa masoko."

"Na wasipolitumia?"

"Watalitumia."

"Sikiliza, Dakta. Kabla ya mvua kamati itakuja kukagua. Ikikuta banda tupu, linakuwa stoo yetu ya mabomba, na akina mama wanakwenda dampo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Dakta akajibu, sauti ikitokea nje.

Kwanza alitengeneza kibanda cha maboksi cha kuweka mezani. Ndani akapanga vijitu vya plastiki, vyote vimesimama wima kama vinasubiri wimbo wa taifa. Akainama, akachungulia, akaridhika.

Kisha akajenga banda lenyewe. Jamani, lilikuwa zuri, tusimwonee mtu. Paa lilibebwa na nguzo, na kuzizunguka nguzo kulikuwa na ukuta wa matofali. Chini umezibwa kuzuia vumbi, kuanzia usawa wa kifua una matundu yaliyopangwa kama ususi wa mkeka. Upepo ukipita hapo unaingia umeshapoa. Ukuta ule ukapata tuzo. Mkuu wa kitivo, Profesa Chisunga, alipiga nao picha nyingi kuliko alizowahi kupiga na mkewe.

Akina mama wakaingia kwa vigelegele. Baada ya siku chache wakaanza kutoka, mmoja mmoja, na mabeseni yao, wakarudi kukaa juani.

Dakta akachanganyikiwa. Akapaka rangi upya. Akahamisha mlango. Akaurudisha. Kutwa anakwenda na kurudi, na kila akipita anauliza.

Msemaji wa akina mama alikuwa Mama Kabula, muuza nyanya na bamia. Akimwona Dakta anakuja, anasimama, na wenzake wote wanasimama, maana msomi kama yule humsalimii umekaa.

"Za kazi, Dakta."

"Nzuri, Mama Kabula. Hebu tuingie. Niambie ukweli, humu pakoje?"

"Pazuri."

"Upepo?"

"Upo, tena mwingi."

"Barabara unaiona?"

"Yote."

"Sasa mbona mko juani?"

Mama Kabula akatazama kandambili zake. "Tutaingia, Dakta."

Hawakuingia.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Barua ikaja: kamati itafika Ijumaa. Jumatano Dakta akatua barabarani jasho linamtiririka.

"Mnanidanganya! Mnasema pazuri, halafu mnakimbia!"

"Hatukudanganyi, baba," Mama Kabula akasema. "Ila kuna kitu tunaogopa kukuambia."

"Niambie!"

"Ukiwepo wewe, upepo upo. Ukiondoka, na upepo unaondoka. Wateja nao hawatuoni, wanapita kama hatujazaliwa. Mama Limi anasema banda lina kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu, Dakta. Usinilazimishe nikitaje."

Dakta akacheka. Halafu akaona akina mama wote wanatikisa vichwa kukubali, akaacha kucheka.

"Lete nyanya zako ndani," akasema. "Leo nataka kushuhudia mwenyewe."

Mama Kabula akaingiza beseni, akapanga mafungu yake sakafuni, akaweka kigoda. Kabla hajakaa, simu ikaita. Mwanawe kaanguka shuleni.

"Dakta, niangalizie biashara, nakuja sasa hivi! Kaa hapo kwenye kigoda. Na usisimame! Mwanaume akisimama juu ya nyanya za watu, wateja wanajua ni askari wa manispaa, wanatawanyika."

Akaondoka mbio. Dakta akabaki na mafungu ya nyanya na kigoda.

Akakaa. Magoti yake yenyewe yalishangaa.

Na palepale upepo ukakatika.

Akatazama barabarani. Hapakuwa na barabara, palikuwa na ukuta. Juu kule kwenye matundu aliona visogo na kofia vikipita, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia. Joto likampanda mgongoni kama amelalia jiko.

Akasimama. Upepo huo!

Akakaa. Umekwenda.

Akasimama, akakaa, akasimama tena, akakaa.

Mlangoni, Mama Limi akamfinya mwenzake. "Unaona? Kimempanda. Niliwaambia mimi."

Lakini Dakta hakuwa amepandwa na kitu. Alikuwa amevikumbuka vile vijitu vyake vya plastiki. Hata kimoja hakikukaa. Akawakumbuka akina mama. Kila alipowauliza habari za banda walikuwa wamesimama, na walisimama kwa sababu yake. Hawakumdanganya hata siku moja. Kwa mtu aliyesimama, banda lilikuwa zuri kweli. Sasa nani anauza nyanya kutwa nzima amesimama?

Mama Kabula akarudi, mwanawe kachubuka goti tu. "Umeuza, Dakta?"

"Hata moja."

"Si unaona?"

"Naona. Nyundo inapatikana wapi?"

Akina mama walidhani anatania. Alipolipiga lile tofali la kwanza, tena la mstari wenye tuzo, wakaziba masikio. Wanafunzi wake wakaja kusaidia, wengine wanalia kabisa, kama wanazika ndugu.

Simu ikaita. "Rweyongeza!" Ni Profesa Chisunga. "Nasikia unabomoa ukuta wa kitivo! Ukiubomoa, Jumatatu usionekane ofisini!"

"Profesa, nitakupigia," Dakta akasema. Hakupiga.

Ijumaa kamati ikafika, mkurugenzi mbele, Profesa nyuma yake amevaa suti, uso umekunjamana. Ukuta ulikuwa umebaki usawa wa goti. Nguzo zimesimama na paa juu yake, na chini ya paa akina mama wamejaa na mabeseni yao. Kuona wakubwa wanaingia, wote wakainuka.

"Kaeni!" Dakta akapaza sauti. "Tafadhalini, leo msimsimamie mtu. Na ninyi waheshimiwa, kaeni. Vigoda hivyo hapo."

"Mimi?" Profesa akauliza. "Na suti hii?"

"Na suti hiyo, Profesa."

Mkurugenzi akakaa. Profesa ikabidi naye akae, kwenye kigoda kilichokuwa nyuma ya nyanya za Mama Kabula, magoti yakampanda mpaka karibu na masikio. Akafungua mdomo kuulizia ukuta wake. Upepo ukampiga usoni, wa baridi, wenye harufu ya mvua inayokuja. Akaufunga.

Barabarani mama mmoja mwenye mwavuli akasita. Ameziona nyanya. Amemwona na aliyekaa nyuma yake.

"Mzee, fungu shilingi ngapi?"

Profesa akamgeukia Mama Kabula.

"Mia tano," Mama Kabula akanong'ona.

"Mia tano," Profesa akasema.

"Basi niongeze moja, mzee wangu."

Profesa mzima, mwenye vyeti vinavyojaza ukuta, akaongeza nyanya moja. Akaichagua kabisa.

Mkurugenzi akacheka mpaka akashika nguzo. "Mabomba yatatafuta pengine pa kulala," akasema. "Akina mama wanabaki hapa. Na Profesa, mwache mwalimu wako aje kazini Jumatatu."

Wakamtafuta Dakta aseme neno. Hakusikia anaitwa. Alikuwa kwenye kona, juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu kainyoosha, anamwangalia Mama Limi akifunga mchicha.

Sasa mtumie na yule bosi wako anayezunguka ofisi akiuliza "mko salama?" huku hasubiri jibu. Asome akiwa amekaa.

Funzo: Kabla hujamjengea mtu, kaa anapokaa yeye, kwa sababu anayesimama kwa heshima yako hawezi kukuonyesha anavyoishi ukiwa hupo.