Wanaoishi Kwenye Maji Taka

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi mahali ambapo wengi wetu tukipita tunaziba pua: kwenye mtambo wa kusafisha maji taka ya mji. Kila asubuhi alichota tone la tope tangini, akaliweka chini ya hadubini, akachungulia. Mnajua aliona nini? Wanyama, wadogo kuliko uwezo wa jicho. Wengine kama kengele juu ya vikonyo, midomo wazi, wakivuta maji na kumeza vijidudu vya uchafu. Wengine wakitambaa juu ya tope, wakilichunga kama malisho. Hawapumziki. Na kwa kazi yao maji yanatoka safi kwenda mtoni, ambako watu wa bondeni wanachota. Mama yule hakuwahi kuwazoea. Kila siku alisema polepole, "Mungu wangu, nani aliwafundisha hawa?"

Asubuhi moja akakuta kengele zimejifumba, nyingine zimekatika vikonyo. Akamwendea bosi wake.

"Bosi, tufunge lango la mtoni. Wanyama wanakufa."

"Mama, maji si haya yanang'aa? Nisimamishe mtambo kwa ajili ya wadudu?"

"Yanang'aa kwa kazi yao ya jana. Njoo utazame."

Bosi akainama, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka, aliagiza lango lifungwe.

Mama akalifuata bomba linaloleta maji taka, mfuniko kwa mfuniko, akipima maji, hadi karakana moja ya betri. Mwenye karakana, mtu wa sala kama wewe na mimi, hakuficha. Kila jioni alimwaga maji ya betri chooni.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilidhani mle ni uchafu tu. Sikujua kuna wanaoishi."

Lilichotwa tope hai kutoka tangi la pili, ambalo sumu haikulifikia, likamiminwa katika lile la kwanza, na baada ya wiki mbili uhai ukarudi.

Na sisi je? Nani anasafisha uchafu wetu? Dada anayefua shuka za mgonjwa wako, unamjua? Kijana anayezibua choo chako, umewahi kumsalimu? Tunawamwagia maneno ya kuunguza, tunasema ndiyo kazi yao, wala hatuoni wanavyojifumba mmoja mmoja. Sisi si watu wabaya, ndugu zangu. Hatujainama tu tukatazama.

Leo, kabla hujaketi kula, ingia jikoni umwulize dada anayekupikia ameamkaje. Kisha usubiri jibu.