Ngata ya Nakijwa

"Ngata husokotwa kwa kichwa cha mbebaji." Mmeisikia leo kisimani, wajukuu wangu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kwanza nitegulieni kitendawili hiki: nakaa chini ya mzigo wala silii. Ndiyo hiyohiyo ngata, lile duara la majani tunalojiwekea kichwani tukibeba ndoo. Methali hii ilianza hivi.

Katika shule moja ya milima ya Upare alifundisha Mwalimu Elinipa, binti wa hukohuko. Kazi ya nyumbani aliyompa mmoja aliwapa wote, na aliyeomba apunguziwe alimwona mvivu. Darasani kwake alikuwamo Nakijwa, mtoto mwepesi wa kujibu kwa mdomo, lakini kila asubuhi alikuja na karatasi tupu. Viboko havikusaidia. Mwishowe mwalimu mkuu akatamka: Jumatatu asipoisoma habari moja ya kitabuni na kujibu maswali yake, arudishwe kwao akachunge mbuzi. Elinipa hakumtetea.

Jumatatu ikafika. Kama ilivyokuwa desturi, watoto waliteremka chemchemi kuchota maji ya kujengea darasa, mwalimu nyuma yao. Kwa kuwa walichelewa, akawaambia kila mtu ajitwike kwa ngata yoyote iliyo karibu. Walipofika kwenye njia nyembamba juu ya korongo, ndoo ya Nakijwa ikaanza kuyumba. Maji yakammwagikia machoni. Mguu ukateleza, vijiwe vikaporomoka.

Elinipa akamdaka mkono, akaitua ndoo.

"Si ngata yake hiyo, mwalimu," akasema Mkunde, aliyekuwa akikaa naye dawati moja. "Yake ina nundu. Kichwa chake kimelala upande kama paa la bibi yangu."

Wakacheka, hata Nakijwa mwenyewe. Mwalimu hakucheka. Alichuma majani makavu ya mgomba, akayasokota, akaongeza unene upande mmoja, akapima, akafumua, akapima tena. Nakijwa akajitwika ndoo ileile, akaifikisha shuleni bila kuishika.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni akimngoja. Mtoto akafungua kitabu.

"Ukiitazama habari hii unaona nini?" Elinipa akamuuliza. Hakuwahi kumuuliza hivyo.

"Mistari inapandana, mwalimu. Kama siafu."

Elinipa akaufunika ukurasa kwa karatasi, akaacha wazi mstari mmoja tu. Nakijwa akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akakawia. Mwalimu mkuu akageuka aende zake. Ndipo neno la kwanza likatoka, na la pili, hata mstari ukaisha. Karatasi ikashuka. Alipofika mwisho jasho lilikuwa likimtiririka, na maswali aliyajibu yote kwa mdomo.

"Umempunguzia kazi," mkuu akasema.

"Maji ni yaleyale, mzee. Mimi ndiye niliyemtwika kwa ngata ya mwingine."

Mkuu akamwashiria mtoto aingie darasani.

Jioni ile wote walikwenda nyumbani na habari moja, ila ya Nakijwa iliandikwa kwa herufi kubwa, mistari ikiachana, na majibu angekuja kuyasema. Wenzake wakanung'unika kwamba anapendelewa. Mkunde ndiye aliyewanyamazisha, wala hakupaza sauti:

"Ngata husokotwa kwa kichwa cha mbebaji."