Nakala za Makombe ya Faki

Hapo zamani, mji umelala, yalisikika meno ya mtoto yakisagana gizani, na mama yake, Mize, akambeba mbio mpaka kwa Faki, mwandishi wa makombe, fukara asiye na kanzu ya pili. Basi Faki akaandika kombe, dawa ya maneno matakatifu, kwa zafarani ndani ya sahani, akayaosha maandishi kwa marashi, mtoto akanywa, akatulia.

Ikawa Sultani akasikia kwamba mjini mna mtoto mwenye kifafa, akahofia ugonjwa utaenea, akaapa kuwahamisha watu wa nyumba hiyo wasirudi tena. Lakini nyumba ipi? Akamwita Faki, maana kila kombe huandikwa pamoja na jina la mgonjwa wake.

"Kesho barazani niletee nakala ya kila dawa uliyoandika, kama inavyotoka mkononi mwako, hata herufi isikosekane. Ukikaidi, kichwa chako!"

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu."

Mize akaja analia. "Kaka Faki, watatutoa, na baba yake yuko safarini, mimi niende wapi na mtoto mgongoni, niambie, wapi?"

"Dada, Sultani ametaka nakala. Atapata nakala."

Kulipokucha Faki akaingia barazani na sinia la mabakuli, yote yana maji ya manjano.

"Maandishi yako wapi?" akauliza Sultani.

"Yamo humo, bwana, hata herufi haikukosekana. Nimeyaandika upya, nikayaosha, maana hivyo ndivyo dawa zinavyotoka mkononi mwangu. Zimebaki kunywewa."

Sultani akanyanyua bakuli moja kwa hasira alinuse. Baraza zima likadhani anataka kuinywa, na mzee mmoja akasema kwa upole, "Pole, bwana wetu. Ni tumbo?"

"Si tumbo!"

"Basi ni ile ya wanaume," akanong'ona mwingine, na mnong'ono ukafika mlangoni.

"Mimi siumwi kitu!"

"Ndivyo wasemavyo wote wanaonijia," akasema Faki.

Sultani akalificha bakuli chini ya joho, na watu wakazidi kumtazama kwa huruma, na huruma ile ikamchoma kuliko tusi. Basi akawatoa wote ila Faki, akaamuru ipigwe mbiu kwamba dawa ni siri ya anayeinywa, wala hakuna nyumba itakayohamishwa. Mbiu ilimkuta Mize keshafunga mizigo. Akaketi juu ya mizigo hiyo, akalia mpaka mtoto akamshangaa.

Kule barazani wakabaki wawili. Sultani akatazama huku na huku, akamwinamia Faki, akamnong'oneza jambo refu. Faki hakucheka. Akavuta sahani, akachovya kalamu katika zafarani.

"Na watu je?" akauliza Sultani.

"Umeniambia mimi, bwana wangu. Simwambii mtu mwingine."