Kwa Nini Mzinga wa Ighoro Hufunguliwa na Mtu wa Mlondo

Zamani, kabla mizinga haijapelekwa msituni, nyuki walikaa kijijini pamoja na watu, na watu ndio waliopita kwa adabu. Huko ndiko lilikoanzia jambo hili, kwenye vilima viwili vinavyotazamana, Ighoro na Mlondo, bonde moja katikati.

Mwanzoni mzinga ulikuwa wa asali tu. Kisha wezi wa ng'ombe wakapanda Ighoro, na mzee Senkondo, mkubwa wa kilima, alipokosa mkuki wa karibu akainua mzinga akawavurumishia. Wezi walikimbia wakaacha ng'ombe, makubazi, na mwenzao mmoja ambaye hakuamka tena. Ighoro wakashangilia. Mlondo, waliokuwa wakitazama toka ng'ambo, hawakushangilia. Walijiuliza mzinga wa pili umewekewa nani.

Basi Mlondo wakachonga mizinga. Ighoro wakasikia mashoka, wakachonga mingi zaidi. Mlondo nao wakasikia. Ugomvi wa maana haukuwapo. Ungewauliza, wangekutajia mbuzi aliyekula maharage enzi za mababu. Kila upande ulisema utaacha mwenzake akiacha, na wa kutangulia hakupatikana. Mizinga ikajaa chini ya mapaa, juu ya milango, hata kando ya vitanda, ili siku ya kurusha iwe karibu na mkono. Mashamba ya mtama yakaachwa yaote magugu yenye maua, maana jeshi lile nalo lilitaka kula.

Lakini nyuki hapendi makelele. Ngoma zikakatazwa, arusi zikafanana na matanga. Kisha kinu kikapigwa marufuku, kwa kuwa mchi ukitua ardhi hutikisika na mizinga huanza kuvuma. Watu wakawa wanachemsha mtama mzima, wanautafuna kama mbuzi, na wanaume wakasema huo ndio usalama.

Nanzia, mkaza mwana wa Senkondo, alizaa katikati ya usalama huo. Mtoto alikuwa na sauti ya fahali. Akilia, mizinga inamwitikia. Senkondo alimpenda mjukuu wake, hilo tusimdhulumu, ila aliamua kwamba siku ya soko inayofuata mtoto apelekwe kwa jamaa wa mbali huko nyikani, akalelewe mpaka ajue kunyamaza. Mama abaki. Kazi zilikuwa nyingi.

Nanzia hakulia, maana angekatazwa na yeye. Alikwenda kukaa ukingoni mwa kilima, mtoto kifuani, macho Mlondo. Alikuwa mwanamke wa kuulizauliza. Mama yake alimwonya kwamba tabia hiyo itamchelewesha kuolewa, na kweli ilimchelewesha. Asubuhi nzima alitega sikio. Ng'ombe wa Mlondo alimsikia. Jogoo wao alimsikia. Mchi, hapana. Akajiuliza: watu hawa tunaoambiwa wana nguvu za kutisha, unga wao wanaupataje?

Swali lilimwasha mpaka kukaa kukamshinda. Akamfunga mtoto mgongoni, akashuka bondeni, akaipanda njia ya Mlondo iliyokwisha kumezwa na majani.

Walipomwona walitoka na mizinga mabegani. Mtoto akaamka, akaziona zile nyuso, akaachia kilio. Mashujaa wa Mlondo wote wakaganda, wakainua macho kutazama mapaa yao wenyewe.

"Mnyamazishe, dada, utatuua," mama mmoja akanong'ona.

Nanzia akamnyonyesha, huku jicho liko vyunguni mwao. Mtama mzima. Akauliza mbona hawatwangi, akajibiwa ni marufuku. Wanaotwanga, wakamwambia, ni Ighoro, ambao wana nyuki waliofundishwa kutulia, kila mtu anajua. Nanzia alicheka mpaka wakamziba mdomo.

Mkubwa wa Mlondo, Mrindoko, alisema huyu ni mpelelezi, ametumwa kuangalia mizinga.

"Nimeshaiangalia, baba," Nanzia akasema. "Njoo na wewe uiangalie yetu, kisha sote tuishushe."

"Tukishusha yetu, ninyi mkabaki na yenu?"

"Basi yetu ishusheni ninyi, na yenu tushushe sisi. Mwenye mzinga asiguse wake."

Mrindoko alifikiri, na njaa ikamsaidia kufikiri. Akafuatana naye mikono mitupu, ila aliomba mtoto abebwe na yeye. Hakuwa mjinga.

Senkondo alikuwa amesimama njiani, mzinga juu ya kichwa, tayari. Akamwona mjukuu kifuani mwa adui. Kurusha hawezi, na kushusha ni aibu. Akabaki vivyo hivyo, nyuki wakivuma.

"Umekonda, Senkondo," Mrindoko akasema.

"Na wewe hayo mashavu umemwachia nani?"

Mrindoko akamrudishia Nanzia mtoto, akaenda akashika upande wa pili wa mzinga. Wakautua chini pamoja, polepole, bila kutazamana.

Iliyobaki ilishushwa kwa mizozo. Mlondo walichungulia kila paa la Ighoro, Ighoro wakachungulia hata mabanda ya kuku ya Mlondo. Mzee mmoja aliuficha wake uvunguni, akajulikana alipotoka asubuhi na uso kama boga. Mizinga yote ikatundikwa kwenye miti ya bondeni, ambako halali mtu. Msifikiri walipendana. Walitaka unga.

Siku ya soko ilifika, ikapita, na mtoto wa Nanzia hakupelekwa popote.

Na tangu siku hiyo mzinga haukai nyumbani, hukaa msituni. Ikifika siku ya kurina asali, mwenyewe husimama kando, na anayefungua ni mtu wa kilima cha pili. Huchungulia mpaka ndani kabisa, huchukua sega lake, ndipo mwenyewe hukaribia. Na mtoto mchanga akilia katika vilima vile, hakuna anayemhimiza mama yake amnyamazishe. Huachwa kidogo, ng'ambo wasikie.