Ngiri Aliyepewa Kulinda Maua

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa, masikio wazi!

Basi songeeni motoni. Anayelia anyonyeshwe, anayesinzia afinywe.

Hapo kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na uwanda juu milimani, kwenye baridi na ukungu. Hapo palimea ua liitwalo Pacha. Liliitwa hivyo kwa sababu chini yake lilikuwa na viazi viwili: kimoja mama, kimekunjamana, kimoja mtoto, kimenona. Yalikuwako maua ya buluu, ya manjano na meupe. Dunia nzima hayakuota kwingine.

Wanawake wa mlimani walikuwa na desturi yao. Wakichimba, kiazi mama hukipika, kiazi mtoto hukirudisha shimoni, wakakifukia, wakakanyagia udongo kwa kisigino. Wakasema, "Mama huliwa, mtoto hurudi." Na kila mwaka maua yalirudi.

Siku moja Jumbe Nyati akasema, "Maua haya ni hazina. Lazima yawe na mlinzi."

Akamchagua nani? Ngiri! Ngiri mwenye meno ya kuchimbia yamechomoza mdomoni! Nauliza mimi, hakukuwa na mwingine?

Siku ile ile Ngiri akawafukuza wanawake. "Tokeni! Nyinyi na vijiti vyenu vya kuchimbia ndio waharibifu!" Akamfukuza hata Tusekile, mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni, ambaye kisigino chake kilikuwa kimepanda maua mengi kuliko mvua.

Mwaka wa kwanza, ya buluu hayakuchomoza.

"Ngiri, ya buluu yako wapi?"

"Baridi, Jumbe wangu. Baridi imeyaua."

Mwaka wa pili, ya manjano hayakuchomoza.

"Ngiri, ya manjano yako wapi?"

"Jua, Jumbe wangu. Jua limeyaua."

Mwaka wa tatu, meupe hayakuchomoza.

"Ngiri, meupe yako wapi?"

Ngiri alikwisha kutumia baridi, alikwisha kutumia jua. Akatazama huku na huku, akasema, "Fuko, Jumbe wangu! Si mchimbaji yule? Anayavuta kwa chini."

Mama Fuko akaburutwa nje, na wanawe watatu wamemng'ang'ania tumboni.

"Hama uwandani leo hii," Jumbe akasema.

"Jumbe, wanangu hawajafumbua macho. Kule chini ni mawe matupu, nitawachimbia wapi?"

"Hayo ni yako."

Swala akatazama majani. Sungura, mwenye maneno mengi siku zote, akajikuna sikio. Ni Nyuki tu, mdogo kuliko wote, aliyeruka kwenda kumwita Tusekile.

Tusekile akaja mbio, mtoto wake sasa akikimbia nyuma yake. Kwanza akamfunika Mama Fuko na wanawe kwa kanga yake, maana walikuwa wakitetemeka. Kisha akasema, "Jumbe, kabla ya kumfukuza mzazi, tukatazame mashimo."

Ngiri akacheka. "Shimo ni shimo, dada! Kwani lina jina?"

"Lina jina, kaka. Twende."

Shimo la kwanza: kiazi mama kimetupwa kando, kiazi mtoto hakipo, na ukingoni vibonyeo viwili. Shimo la pili: vivyo hivyo. Shimo la tatu: vivyo hivyo.

"Vibonyeo hivi ni vya nini?" Jumbe akauliza.

"Mimi huchimba nimeinama," Tusekile akasema. "Fuko huchimba yuko humo humo chini. Nani hapa huchimba amepiga magoti?"

Wote wakatazama magoti ya Ngiri. Yalikuwa na sugu ngumu kama kwato.

"Ah, hizi? Hizi ni za kukupigia wewe magoti, Jumbe wangu!"

Na Jumbe akafurahi! Wallahi, akatabasamu!

"Basi apige hapa tuone," Tusekile akasema.

Ngiri akapiga magoti. Yakaingia kwenye vibonyeo kama kisu alani.

Hapo Mama Fuko akaanza kulia. "Kuna jambo nimelificha." Akaingia shimoni, akatoka na viazi watoto vitatu. "Vilimdondoka Ngiri mdomoni, kila mwaka kimoja. Nikavilaza kwenye majani ya tandiko la wanangu, visife baridi. Sikusema. Ningekutwa navyo, ningeitwa mwizi."

Mnaona? Mwizi alipewa ulinzi, na mtunzaji akapewa hofu!

Ngiri akavuliwa kazi. Akaamriwa akikimbia ausimamishe mkia, kila mtu ajue anapita. Ndiyo maana mpaka leo hukimbia mkia juu, na akila hupiga magoti.

Tusekile akavipanda viazi vitatu, akakanyagia kwa kisigino. Meupe yakarudi. Ya manjano yakarudi. Ya buluu hayakurudi. Kiazi chake kilikuwa kimekaa mno bila udongo. Na Jumbe je, alimwomba Mama Fuko radhi? Hakuomba. Nangoja mpaka leo.

Mwanangu huniuliza, "Mama, buluu ile ilikuwaje?" Namwonyesha mbingu. Lakini siyo hiyo.

Hapa ndipo hadithi ilipochoka, nami nimechoka nayo. Mafunzo yake ni haya: ukitaka kukilinda kitu, muulize kwanza aliyekuwa akikitunza kabla yako. Na mlinzi usimsikilize mdomo, mtazame magoti.

Haya, nyinyi mnaocheka hapo nyuma, simameni! Niyaone na yenu.